Opera kwa Wapulizaji Wanane wa Mwami

Bulungwe, 12 Februari 2017

Évariste mdogo wangu,

Salamu kutoka kwenye mlima wetu, ambao siku hizi umenyamaza kabisa. Najua habari imekufikia huko Johannesburg kabla ya karatasi hii, maana watu wetu midomo yao haina breki. Mwami, mtawala wetu, amepumzika. Ndivyo tunavyotakiwa kusema nami nasema hivyo hivyo, ingawa nililia kama mtu yeyote aliyefiwa. Miaka yote hiyo alikuwa akimaliza chakula cha mchana, anaegemea kiti chake na kusema, "Jeanne, nipigieni kitu cha kushushia ugali." Sasa kiti kimefunikwa shuka.

Unaukumbuka mwiko. Tangu siku ile hadi Mwami mpya atakaposimikwa, hakuna ngoma, hakuna pembe, hakuna wimbo ndani ya boma na mashamba yake. Mbuzi wamevuliwa kengele. Simu zetu zimefungiwa sandukuni kwa mlinzi wa lango, kwa sababu kwenye msiba wa mama wa Mwami simu ya mtu ililia katikati ya kimya, tena na muziki wa kucheza, na aibu ile haijatutoka. Kwa hiyo usihangaike kunipigia. Nitakuandikia, na Benita, mke wa Léonce mpuliza honi wetu, atakuwa akibeba barua kila akija huko kununua nguo na wigi.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Mwami mpya ni yule kijana wake aliyesoma Kinshasa. Si mtu mbaya, ila hatujui. Katibu wa boma, Théodore, amekwisha kumjaza maneno kwamba watu wanane wenye mabomba yaliyobonyea ni aibu, kwamba spika mbili na kinanda cha umeme vinatosha. Kijana amejibu hivi: siku ya kusimikwa wapulizaji wapige kitu ambacho baba yake hakuwahi kukisikia. Kikienda vizuri tunabaki. Tukimwaibisha mbele ya wageni, ala zinaingia stoo na mashamba yanarudi kwa boma.

Hapo ndipo panaponinyima usingizi. Kila mpulizaji analima kipande chake kwa sababu anapuliza. Akiacha kupuliza, anaacha na shamba. Mimi tangu nifiwe na mume wangu ninalisha watoto kutoka pale. Baba Bakiri wa klarineti ya kwanza hana hata mahali pengine pa kulala.

Nakuomba utuandikie mwanzo wa ile opera ya Kiitaliano ambayo Padri alikuwa akiipiga kwenye gramafoni, ile uliyokuwa ukiifuata kwa miluzi hadi tukakufukuza nyumbani. Ulikuwa klarineti yetu bora kabla hujaondoka, na unatujua. Tuko vile vile: klarineti mbili, yaani Baba Bakiri na mimi, saksafoni mbili, honi mbili, tromboni na tuba. Kusimikwa ni tarehe 15 Julai.

Na ujue hili: mpaka siku ile hatuwezi kupuliza hata nota moja. Tutajifunza kwa vidole tu. Mara ya kwanza kuisikia itakuwa mbele ya Mwami na wageni wake wote. Andika kwa uangalifu, maana ukikosea sitakuwa na njia ya kujua.

Dada yako mkubwa,
Jeanne


Yeoville, Johannesburg, 9 Machi 2017

Yaya wangu Jeanne, dada mkubwa,

Benita alinikuta kwenye karakana yetu ya kutengeneza ala, kule Doornfontein, kichwa changu kiko ndani ya tuba ya watu. Nilisoma barua yako nimesimama. Poleni sana. Mimi pia nimelia, na mwenye tuba akadhani nimeona gharama ya kuitengeneza.

Opera ipo. Kuna mama mmoja mpiga fidla, mteja wetu, ameniazima kitabu chenye nota za okestra nzima. Ni kizito kama tofali. Na kwenye kurasa za mbele nimesoma jambo la kukufurahisha. Zamani huko Ulaya kulikuwa na watawala wadogo wadogo, wenye nchi unayoweza kuizunguka kwa farasi kabla ya chakula cha jioni. Hawakuweza kulisha okestra nzima. Basi waliweka wapulizaji wanane, au hata sita, na kila opera mpya ilipotoka mjini, fundi aliikata na kuishona upya kwa ajili ya hao wanane, ili bwana aisikie akiwa mezani. Sehemu ya mwimbaji ilipewa klarineti. Fidla zote hamsini zikaingia kwenye midomo miwili. Yaya, hao ni sisi. Mwambie katibu Théodore.

Mimi ndiye fundi huyo sasa. Natoka kazini, napita Rockey Street nikipiga miluzi hadi wauza simu wananitania, nafika nyumbani nakaa mezani na kitabu. Binti yangu Murielle ananiuliza kwa Kiingereza ninafanya nini, namjibu kwa Kiswahili, anacheka kwa Kizulu. Ndivyo tunavyoishi.

Usiwe na wasiwasi hata kidogo. Nitaandika kila kitu kilivyo kwenye kitabu, fidla zenyewe, bila kupunguza. Ombi langu ni moja: nikishaleta, usiguse. Nakujua. Ukipewa gauni la mtu unafumua pindo kabla hujalivaa. Hii iache kama ilivyo.

Mdogo wako,
Évariste


Bulungwe, 2 Aprili 2017

Évariste,

Nimemwambia katibu Théodore kuhusu wale watawala wa Ulaya. Akauliza kama mashamba walipewa pia. Nikamwambia walipewa mashamba na divai. Kuhusu divai nilibuni.

Wapulizaji wamefurahi mno. Walikuwa wanajiona mabaki, sasa wanatembea kama watu wa ikulu. Lakini Mwami mpya alipita jana akaniuliza, kwa upole tu, kama kweli watu wanane wanaweza kupiga opera. Nikamwambia wanaweza. Alitikisa kichwa, na sikujua ni ndiyo au ni hapana, maana wasomi wa Kinshasa wana namna yao ya kutikisa kichwa.

Kuhusu gauni, pindo lile lilikuwa limepinda. Hata mwenyewe alinishukuru. Leta nota zako, sitagusa.

Jeanne


Yeoville, 24 Aprili 2017

Yaya Jeanne,

Hizi hapa. Sehemu nane, kila mmoja yake, nimezinakili kwa mkono wangu mzuri wa shule. Ukurasa wa kwanza ni wa heshima, wote kwa pamoja. Wa pili klarineti zinaanza kuongea. Wa tatu ndio moyo wa kazi: ule mstari mrefu wa fidla unaopanda na kupanda bila kukatika. Nimempa Baba Bakiri, wewe ukimfuata chini yake. Kila nikiusoma kichwani nywele zinanisimama.

Nimeulinganisha na kitabu nota kwa nota. Hakuna kosa. Mkiupiga kama ulivyoandikwa, hakuna mtu atakayewaondoa kwenye mashamba yale, hata aje na spika za uwanja wa mpira.

Évariste


Bulungwe, 20 Mei 2017

Mdogo wangu,

Nota zimefika zote, na mwandiko wako bado ni mzuri kuliko tabia yako.

Tunajifunzia kwenye ghala la mihogo, mlango ukiwa wazi ili mlinzi ajionee hatuvunji mwiko. Tunakaa kwa duara, ala mikononi, midomo imefungwa, vidole vinacheza. Ukitutazama utadhani ni watu wazima wanaocheza kitoto. Mimi napiga mguu polepole kwenye udongo. Siku za kwanza kila mtu alipotea. Sasa tunafika mwisho pamoja, na saksafoni wanajua lini tromboni anaingia hata bila kumtazama.

Baba Bakiri amekariri sehemu yake yote, anasema macho yake hayana kazi tena. Anakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi la kiangazi, si jambo la kutisha. Asubuhi kabla ya jua tunakaa nje na kufanya mazoezi ya kuvuta pumzi pamoja, ili mapafu yasisahau kazi. Mlinzi akapeleka habari kwamba tunaabudu kitu. Katibu Théodore akaja mwenyewe na shali shingoni, akasimama, akasikiliza, hakusikia chochote, akarudi kulala. Hakuna sheria inayomkataza mtu kupumua.

Hatujagusa kitu. Kila kitu kinakwenda vizuri, pamoja na ukurasa wa tatu. Lala usingizi.

Dada yako,
Jeanne


Yeoville, 12 Juni 2017

Kwa Mama Benita, Lubumbashi

Benita dada yangu,

Furushi hili limekuja na basi, na ninajua unaondoka huko wiki hii kwenda Kalemie. Nakuomba usiliache nyuma hata kama utaacha wigi zote. Ndani kuna bahasha nane, kila moja ina jina la mpulizaji wa Bulungwe, na barua ya Yaya Jeanne. Zifike kabla ya tarehe 15 Julai. Nitakueleza kwa nini, lakini yeye usimwambie.

Jumapili baada ya ibada niliwakusanya wapulizaji wa kanisa letu hapa Yeoville ili nami niisikie kazi yangu walau mara moja. Cédric wa saluni ana klarineti, Olive, yule Mrundi, ana saksafoni, na wengine unawajua. Ukurasa wa kwanza ulikwenda vizuri hadi nikaanza kujisifu. Wa pili vizuri. Tukaingia wa tatu. Cédric alianza ule mstari, akapanda, akapanda, akawa mwekundu, akawa wa zambarau, akatoa klarineti mdomoni na kukaa chini.

"Eish, mukubwa," akaniambia alipopata sauti, "hii kitu mutu anapumua wapi?"

Nikamwambia ajaribu tena. Akajaribu Olive kwa saksafoni. Akafika mbali kidogo kuliko Cédric, kisha akasema, "Évariste, wewe unataka twende kwa Mungu leo? Sharp, sawa, lakini tungekula kwanza."

Wote wakacheka. Mimi sikucheka. Benita, niliandika mstari wa fidla kama ulivyo, na fidla haipumui. Upinde unakwenda na kurudi, mchana kutwa kama mtu anataka. Mimi, mpulizaji tangu utoto, nilikaa mezani na kitabu nikasahau kwamba watu wana mapafu. Na wao kule wanajifunza kwa vidole tu, na vidole havichoki. Watagundua kosa mbele ya wageni wote, kwa mdomo wa Baba Bakiri, mzee wa watu anayekohoa. Watanyang'anywa mashamba kwa sababu ya kichwa changu kigumu.

Nimeukata mstari ule wote. Kwenye karatasi mpya, ukurasa wa tatu unaruka hadi kwenye nota ndefu ya mwisho, wote wanaishika pamoja, basi. Si pazuri kama mwanzo lakini hakuna atakayezimia. Yaya Jeanne nimemwandikia kwamba ni pambo dogo. Nikimwambia ukweli ataingia pale na hofu, na yeye ndiye anayeongoza wote.

Simu yake imefungwa. Nimejaribu hata hivyo, kila siku. Wewe ndiye njia pekee.

Évariste


Yeoville, 12 Juni 2017

Yaya Jeanne,

Neno fupi tu. Nimefanya pambo dogo kwenye ukurasa wa tatu, jambo la ladha, mafundi tuna mambo yetu. Kila mpulizaji atoe karatasi ya zamani aweke hii mpya. Ni rahisi kuliko ya kwanza, mtaishika kwa siku moja. Fanya hivyo tafadhali, usiulize sana.

Huku baridi imeshika kweli. Murielle anawasalimu.

Évariste


Ujumbe wa simu kutoka kwa Benita, Uvira, 11 Julai 2017

Kaka Évariste, niko Uvira. Meli ilichelewa kule Kalemie, injini ilikufa, tukalala bandarini kama magunia. Sasa kuna lori imeanguka mu barabara ya Bukavu, wanasema kesho, wanasema kesho kutwa. Enveloppe zako ziko salama, nimeziweka ndani ya ndoo pamoja na wigi. Nitafika siku ile ile ama mbele yake kidogo. Yaya Jeanne sitamuambia kitu. Zake na za wengine nitamupatia yeye, ya Léonce nitamupatia Léonce mu mukono, ni bwana yangu, siwezi kupitisha kitu yake ku mutu mwingine. Huku mbele hakuna réseau, simu haitashika. Usilie, kaka. Kula, lala.


Bulungwe, 18 Julai 2017

Évariste, mdogo wangu, fundi wangu mwongo,

Nakuandikia kwa karatasi tena, maana simu zetu zimetoka sandukuni zikiwa zimekufa, nami nimekaa mlangoni kwangu, kwenye shamba langu. Nimeanza na hilo ili moyo wako utulie kabla hujasoma mengine. Shamba ni langu bado. La Baba Bakiri ni lake. La kila mmoja ni lake. Sasa vuta kiti.

Benita alifika asubuhi ya siku yenyewe, vumbi hadi kwenye kope, sisi tukiwa tunafunga vifungo vya sare. Akanipa furushi. Nikasoma barua yako ya pambo dogo, nikafungua karatasi yangu, nikaona mstari mrefu haupo. Nilicheka.

Nilicheka kwa sababu nilijua mara moja kilichokupata. Sisi tulikwisha kukiona tangu Mei. Yale mazoezi ya pumzi niliyokuandikia, unadhani tulikuwa tukipumua tu? Tulikuwa tukipumua opera yako. Kila mtu alikuwa akivuta pumzi pale anapopaswa kuvuta na kuitoa polepole kwa urefu wa nota zake, bila sauti, mimi nikipiga mguu. Tulipofika ukurasa wa tatu Baba Bakiri alitoa hewa, akatoa, akatoa, hadi akalala ubavu kwenye nyasi. Alipoamka akasema, "Jeanne, huyu ndugu yako anatuchukia ama ametusahau?" Nikamwambia hapana, ameazima kitabu cha fidla.

Basi nikaugawa mstari kati yake na mimi. Yeye anaanza, kabla hajaishiwa mimi naingia juu ya nota yake ya mwisho, yeye anavuta pumzi, kisha ananipokea. Kama wanawake wawili kwenye kinu kimoja. Hakuna nota yako hata moja iliyopotea, ila haiko tena kwenye mdomo mmoja. Sikukuambia kwa sababu uliniomba nisiguse, na kwa sababu uliandika kwamba nywele zinakusimama ukiusoma. Nilifikiri, mtu aliye mbali na kwao aachiwe nywele zake zisimame. Lakini sikupenda kukudanganya, na nimefurahi kwamba leo naweza kusema.

Kwa hiyo siku ile, karatasi zako mkononi, nikaamua: hatubadilishi kitu saa hii. Nikazitia furushi zima ndani ya blauzi. Sikuzihesabu. Hapo ndipo nilipokosea, maana bahasha ya Léonce ilikuwa imekwenda kwa Léonce mwenyewe, na Léonce ni mtu mtiifu. Alitoa ya zamani, akaweka mpya, akashukuru kwamba imekuwa rahisi.

Évariste, miezi mitano bila sauti. Wageni wamejaa uani, maaskofu, machifu wa pande zote, Mwami mpya amesimama na ngozi ya chui ya baba yake mabegani na hakuna anayeongea. Mimi nikainua klarineti. Sauti yetu ya kwanza ilitoka kama mlango wenye kutu. Midomo ilikuwa imesahau, na tromboni alitoa kitu ambacho sitakielezea. Niliona katibu Théodore akifumba macho. Lakini watu hawakusikia kutu. Walisikia kwamba kuna sauti tena Bulungwe, na kina mama wakaanza kulia pale pale. Ikatupa muda. Kufikia ukurasa wa pili midomo ilikuwa imerudi.

Tukaingia wa tatu. Baba Bakiri akaanza kupanda, nikampokea, akanipokea. Na chini yangu nikasikia honi ya Léonce imekaa kwenye nota moja, ya chini, ndefu, ambayo haipo kwenye karatasi zetu. Nikamtazama. Alikuwa amekwisha kufika mwisho wa karatasi yako, kwenye ile nota ya wote, peke yake, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyeshuka gari kwenye kituo kisicho chake. Ala ilikuwa mdomoni mwangu, siwezi kusema kitu. Nikamfanyia ishara kwa nyusi: kaa hapo hapo.

Akakaa. Alivuta pumzi haraka, akairudia nota ile ile, akavuta, akairudia, na sisi juu yake tunapanda. Sijui kitabu chako kingesema nini. Mimi nilihisi kama mtu ametandika sakafu chini ya miguu yetu. Baba Bakiri hakukohoa hata mara moja. Tulifika kileleni, tukashuka, tukamkuta Léonce bado yuko pale kwenye nota yake, na wote wanane tukaimaliza pamoja naye.

Hakuna aliyepiga makofi. Nikajua tumekwisha. Nilianza kufikiria nitahamia kwa nani na watoto.

Mwami akashuka kwenye jukwaa, jambo ambalo hafanyi, akaja mpaka mbele yangu. Uso wake ulikuwa umelowa. Akauliza, kwa sauti ambayo wa mbele tu waliisikia, "Nani aliweka ile sauti inayobaki chini wakati wengine wanakwenda zao?"

Nikamwambia, "Ni ndugu yangu Évariste, Mwami. Yuko Johannesburg."

Akasema, "Tangu baba aondoke sijasikia mtu akiongea juu yake vizuri namna hiyo." Kisha akageuka kwa katibu Théodore, mbele ya wote, akasema wapulizaji wake hawahami. Wapulizaji wake, Évariste. Alisema hivyo.

Nililia hadi sare ikalowa. Léonce alilia zaidi, maana alikuwa bado anasubiri kupigwa. Jana Théodore alikuja kwangu na kofia mkononi kuuliza kama ghala la kutunzia ala linavuja. Nikamwambia linavuja. Akaandika.

Mwami anataka nyingine kabla ya Krismasi. Opera, si wimbo wa kanisa. Anasema uchague wewe.

Nimechoka kwa raha. Watoto wanapuliza majani ya mgomba huko nje na hakuna wa kuwakataza.

Dada yako,
Jeanne


Yeoville, 13 Agosti 2017

Yaya wangu,

Barua yako niliifungulia nje, barabarani, kwa sababu sikuweza kusubiri nifike nyumbani. Nilisoma mstari wa kwanza kuhusu shamba, nikakaa kwenye ngazi za saluni ya Cédric, sikuinuka tena hadi nilipomaliza. Robot ya pale kona, yaani taa za magari, ilibadilika rangi sijui mara ngapi. Cédric alitoka na mkasi akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, hakuna aliyekufa, hakuna aliyehamishwa, njoo nikusomee. Alisikiliza hadi mahali pa Baba Bakiri kwenye nyasi, akasema, "Si nilikuambia," akarudi kwa mteja wake.

Miezi miwili nililala vibaya, yaya. Murielle alikuwa akinikuta jikoni alfajiri anauliza what's wrong, baba, nami nasema ni kazi. Jana nililala hadi jua likanikuta. Aliingia kuangalia kama napumua.

Sasa kuhusu ulichomwambia Mwami. Ile sauti sikuiweka mimi, unajua vizuri. Mimi nilikata mstari kwa woga, na Benita akampa mumewe bahasha yake, na Léonce akatii, na wewe ukainua nyusi. Lakini nimeijaribu Jumapili hapa kanisani. Nilimwambia mpiga honi wetu akae kwenye nota ile ya chini asiondoke hata nikimtukana, na Cédric na Olive wakapokezana mstari kama ulivyonielekeza. Olive aliposhusha saksafoni hakuwa na utani wowote. Aliniambia tu, "Iandike hivyo." Nimeiandika hivyo. Juu ya ukurasa, mahali pa jina la fundi, nimeweka langu na lako, na kama Mwami atauliza mwambie ukweli, naona ni mtu anayeweza kuusikia.

Opera mpya nimeichagua. Ni ya kuchekesha, ina ugomvi wa mume na mke mwanzo hadi mwisho, mtaipenda. Benita anaondoka Alhamisi na sehemu zote nane, safari hii katika bahasha moja yenye jina lako tu. Fidla ni nyingi na mistari ni mirefu kuliko ile. Nimenakili kila kitu.

Mahali pa kupumua sijaweka. Weka wewe.

Mdogo wako,
Évariste